Ping An au KK100: Kuchagua Ofisi Kati ya Minara Miwili ya Shenzhen

Kampuni ya Afrika Mashariki inayofikia hatua ya kufungua ofisi Shenzhen kwa kawaida huwa imekwisha kufanya biashara na mji huo kwa miaka, hata kama wenyewe hawajawahi kukanyaga huko. Simu za Tecno, Infinix na itel zinazopangwa kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue ni za kampuni ya Transsion, ambayo makao yake makuu yako Shenzhen, na chaja, betri, spika, kamera za ulinzi na vipuri vingi vinavyoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa hupitia mikononi mwa wafanyabiashara wa mji huohuo. Inapofika wakati wa kuwa na mlango wake, badala ya kumtegemea wakala wa kuagiza, kampuni hukuta mji wenye minara mingi ya ofisi, na miwili kati yake imeipita mingine kwa sifa: Ping An Finance Centre ulioko wilaya ya Futian, na KK100 ulioko wilaya ya Luohu. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu anayepaswa kuamua kati ya hiyo miwili, na msimamo wangu nautanguliza: urefu wa mnara ni jambo la mwisho kuangaliwa. La kwanza ni nani atakayebisha hodi ofisini kwako, na la pili ni saa ngapi watu wako watakuwa kazini.

Minara yote miwili imo kwenye njia moja ya treni ya chini ya ardhi, Njia ya 1, iliyofunguliwa mwaka 2004. Anayepanda kituo cha Dajuyuan, jirani na KK100, na kuelekea magharibi, hushuka Gouwu Gongyuan, jirani na Ping An, kwenye kituo cha tano. Katikati ya safari hiyo fupi kuna Huaqiang Lu, kituo cha soko la vifaa vya elektroniki la Huaqiangbei, ambalo ndilo huwaleta wengi wetu Shenzhen kwa mara ya kwanza. Kutoka KK100 ni vituo viwili, kutoka Ping An ni vitatu. Kwa hiyo hoja ya ukaribu na soko, ambayo dalali wa upande wowote anaweza kuitumia kusifia jengo lake, haitoshi kuamua jambo.

Tofauti halisi huanza kwenye historia ya wilaya zenyewe. Luohu ndiko mji ulikoanzia. Shenzhen ilipofanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, watu na mitaji kutoka Hong Kong vilitua kwanza hapo mpakani. Jengo la Guomao la ghorofa 53 lilikamilika Luohu mwaka 1985, likiwa limepandishwa kwa kasi iliyofikia ghorofa moja kwa siku tatu, na hadi leo Wachina wanapotaka kusifu ujenzi wa haraka husema ni kasi ya Shenzhen. Mwaka 1996 ukafuata mnara wa Diwang wenye mita 384, ambao kwa muda mfupi ulikuwa mrefu kuliko yote nchini China. Tawi la Benki Kuu lilikuwa hapo, soko la hisa lilikuwa hapo, na mtu aliyetaka kuonekana kuwa mfanyabiashara wa maana alikuwa na anwani ya Luohu.

Kisha fedha zikahamia magharibi. Serikali ya mji ilihamia makao mapya Futian mwaka 2004, Soko la Hisa la Shenzhen likafuata mwaka 2013, na Ping An, kampuni ya bima iliyoanzishwa kwenye kitongoji cha Shekou mwaka 1988, ikakamilisha makao yake makuu hapohapo Futian mwaka 2017. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi milioni 17.56 katika mji mzima, na mwelekeo wa watu na mitaji ulikuwa bado ni kuelekea magharibi. Anayechagua Luohu leo anachagua wilaya yenye mazoea, yenye maduka na wakazi wa muda mrefu. Anayechagua Futian anachagua wilaya ambamo maamuzi makubwa ya fedha na ya serikali hufanyika umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mlangoni kwake. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu, lakini ni chaguo mbili tofauti kabisa.

Ping An wenyewe una mita 599.1 na ghorofa 115 juu ya ardhi, na ukubwa wake wote unakaribia mita za mraba 380,000. Ulisanifiwa na kampuni ya Kimarekani ya Kohn Pedersen Fox, na hesabu za uimara zikafanywa na Thornton Tomasetti. Michoro ya mwanzo iliufikisha mita 660 kwa msaada wa mlingoti wa mita 60, lakini mlingoti huo uliondolewa kwa ajili ya njia za ndege, na kwa hiyo Shanghai Tower wenye mita 632 umebaki kuwa mrefu kuliko yote China. Jengo zima limebebwa na nguzo kubwa nane zinazozunguka kiini cha zege, na umbo lake hupungua kadiri linavyopanda, jambo linalopunguza nguvu ya upepo kwa karibu theluthi moja. Nje limevikwa chuma cha pua kiasi cha tani 1,700, cha aina iliyochanganywa na molibdenamu ili kistahimili hewa ya chumvi itokayo baharini. Mkazi wa Mombasa au Zanzibar aliyeshuhudia mabati mapya yakiliwa na kutu ndani ya misimu michache atauthamini uamuzi huo kuliko mtu mwingine yeyote.

Kuna kisa kimoja cha ujenzi wake ambacho mpangaji makini ana haki ya kukijua. Mwezi Machi 2013, mnara ukiwa umekwisha kupanda sana, kazi ilisimamishwa baada ya kubainika kwamba baadhi ya wauza zege wa Shenzhen walikuwa wakitumia mchanga wa bahari ambao haukusafishwa ipasavyo. Chumvi iliyomo kwenye mchanga wa namna hiyo hula nondo taratibu ndani ya zege, bila dalili yoyote kuonekana nje kwa miaka. Vipimo vilifanywa, zege la mnara likaonekana kufikia viwango, na ujenzi ukaruhusiwa kuendelea hadi kilele kilipofungwa Aprili 2015. Mimi nakihesabu kisa hiki kuwa ni jambo la kumtuliza mpangaji. Ni majengo machache sana ambayo zege lake limekaguliwa hadharani, kwa macho ya nchi nzima, kabla hata halijamalizwa.

KK100 ni wa namna nyingine. Ulikamilika mwaka 2011, una mita 441.8 na ghorofa 100, na ulisanifiwa na ofisi ya msanifu Mwingereza Terry Farrell pamoja na wahandisi wa Arup. Pande zake zimepinda taratibu hadi kileleni, kama chemchemi inayoruka juu kisha ikajikunja, na robo yake ya juu, kuanzia ghorofa ya 75, ni hoteli ya St. Regis. Chini kuna maduka ya KK Mall, na kando yake majengo ya makazi. Kiwanja hicho kilikuwa sehemu ya kijiji cha Caiwuwei, kijiji cha ukoo kilichokuwapo muda mrefu kabla ya mji kukizunguka. Wanakijiji hawakuhamishwa tu wakasahauliwa: mradi ulifanywa kwa ubia kati ya mjenzi na kampuni ya wanakijiji, nao wakapata nyumba mpya palepale. Mazungumzo yalikuwa marefu na magumu, na familia moja iliyokataa kuondoka hadi mwaka 2007 ililipwa fidia iliyozidi yuani milioni 10. Matokeo ya historia hiyo yanaonekana mtaani hadi leo, kwa maana mnara umezungukwa na watu wanaoishi hapo, wanaonunua mboga hapo na wanaojuana. Mgeni wa kazi anayeishi na familia yake huliona hilo kabla ya wiki yake ya kwanza kwisha.

Tuingie sasa ndani ya majengo, kwa sababu ofisi hukodishwa ndani na si kwenye picha. Mnara wa ghorofa zaidi ya mia una shida moja kubwa inayopita zote, nayo ni lifti. Wasanifu wa Ping An walilitatua hilo kwa lifti zenye vyumba viwili vilivyobebana, cha juu na cha chini, vinavyosafiri pamoja ndani ya shimo moja, na kwa kumbi za kubadilishia katikati ya mnara. Mgeni wako anayekwenda ghorofa za juu hujiandikisha mapokezi kwa pasipoti, huelekezwa ngazi ya ukumbi inayolingana na ghorofa anayokwenda, hupanda lifti ya mwendo kasi hadi ukumbi wa kubadilishia, kisha huchukua lifti nyingine inayosimama ghorofa za ukanda huo pekee. Mtu aliyezoea hafikirii hata kidogo. Mteja aliyetoka Bujumbura jana usiku, ambaye hasomi Kichina na amebeba mkononi begi la sampuli, anahitaji mtu wa kumpokea chini. Kwa hiyo kampuni yenye wageni wengi wasiotarajiwa itafute ghorofa za chini za Ping An, ambazo zina lifti za moja kwa moja, au itenge mfanyakazi wa kupokea watu. Katika KK100 ofisi zote ziko chini ya hoteli, hivyo hakuna mpangaji anayekaa kwenye kilele, na safari ya mgeni ni nyepesi zaidi. Jirani yako hapo ni hoteli, na mgeni wako mkubwa anaweza kulala kwenye jengo hilohilo. Kule Ping An hoteli ya Park Hyatt iko kwenye mnara mdogo wa kusini, ndani ya mradi uleule.

Jambo la pili ni ukubwa. China bara kodi ya ofisi hutajwa kwa mita ya mraba kwa mwezi, na mita hizo ni za eneo lote la ujenzi, yaani pamoja na sehemu yako ya korido, kumbi, vyoo na mashimo ya lifti. Eneo unaloweza kuweka meza huwa ni kama theluthi mbili ya linaloandikwa kwenye mkataba, na hubadilika kutoka jengo hadi jengo na hata kutoka ghorofa hadi ghorofa. Tuseme mkataba unataja mita za mraba 200 na jengo lina uwiano wa asilimia 68: utapata mita 136, na hapo nguzo bado hazijatolewa. Nguzo nane za Ping An ni kubwa mno, na ofisi inayoangukia kwenye moja yake hupoteza kona nzuri. Yule anayekuja na mazoea ya Nairobi au Dar es Salaam hushtuka akiziona mita zake zikipungua, ingawa hakuna aliyemdanganya. Omba mchoro wa ofisi husika wenye vipimo vya ndani, weka meza zako juu yake kwa penseli, na ulinganishe kodi kwa kila meza badala ya kwa kila mita. Juu ya kodi kuna ada ya huduma inayotozwa kila mwezi kwa mita zilezile za mkataba, na amana ya miezi miwili au mitatu ni ya kawaida.

Nimefika kwenye jambo ambalo, kwa kampuni ya kwetu, naliona kuwa zito kuliko yote, nalo ni saa. Shenzhen iko mbele ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa tano, na mbele ya Kigali, Bujumbura na Lubumbashi kwa saa sita. Mkurugenzi aliyeko Dar es Salaam anapofungua ofisi saa mbili asubuhi, Shenzhen ni saa saba mchana na watu wametoka kula. Anapopata majibu ya benki yake saa nane mchana, Shenzhen ni saa moja usiku. Anapofunga saa kumi na moja jioni, Shenzhen ni saa nne usiku. Ofisi ya Shenzhen inayohudumia makao makuu ya Afrika Mashariki inafanya kazi yake nzito jioni, wakati ambapo jengo zima linajiandaa kufunga.

Hapo ndipo kiyoyozi kinapokuwa suala la fedha. Madirisha ya minara ya aina hii hayafunguliwi ovyo, na hewa yote hutoka kwenye mtambo wa kati, ambao katika ofisi nyingi za China hufanya kazi kwa saa za kazi za kawaida tu, takriban hadi saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo mpangaji hulipia saa za ziada, na ghorofa inayotumia mtambo wa kati inaweza kulipishwa kwa eneo zima hata kama ndani yumo mtu mmoja anayesubiri simu ya forodha. Mwezi Julai, joto na unyevu wa Shenzhen vikiwa kwenye kilele, ofisi iliyozimiwa hewa haikaliki. Kabla ya kuuliza kodi ya Ping An au ya KK100, uliza kwanza maswali haya matatu: mtambo huzimwa saa ngapi siku za kazi na Jumamosi, saa moja ya ziada hutozwa kiasi gani na kwa eneo la ukubwa gani, na kama mpangaji anaruhusiwa kuweka kipoozaji chake mwenyewe. Majibu yake yanaweza kugeuza jengo lililoonekana kuwa nafuu likawa ghali. Upande wa mazingira ya usiku, KK100 una faida ya wazi, kwa sababu hoteli, maduka na makazi yaliyouzunguka huufanya mtaa uwe hai hadi saa nyingi, na mfanyakazi anayetoka saa nne usiku hutembea kwenye mwanga na kati ya watu. Futian nako ni salama, na maduka ya Ping An yako chini ya mnara, lakini ni eneo ambalo uhai wake hufuata saa za ofisi.

Kuhusu mipaka na usafiri, kila mnara una mlango wake wa kwenda nje. Kutoka KK100 kituo cha mpakani cha Luohu kiko vituo vitatu kwa treni ileile ya Njia ya 1. Mpaka huo wa kuingia Hong Kong hufunguliwa asubuhi na mapema na kufungwa saa sita usiku, na pembeni yake kuna stesheni ya treni za Guangzhou, mji ambao Waafrika wengi wana maghala na mawakala wao wa shehena. Kutoka Ping An ni kituo kimoja hadi Huizhan Zhongxin na kubadilisha kuingia Njia ya 4 hadi mpaka wa Futian, ambao hufungwa mapema zaidi, saa nne na nusu usiku. Lakini Ping An uko jirani na stesheni ya Futian iliyojengwa chini ya ardhi, ambayo tangu Septemba 2018 ina treni ya mwendo kasi inayofika Hong Kong West Kowloon kwa takriban robo saa, na kutoka stesheni hiyo Njia ya 11 huenda hadi uwanja wa ndege wa Bao'an. Mwenye kazi za benki Hong Kong, au anayesafiri kwa ndege kila mara, atanufaika na Ping An. Anayekwenda Guangzhou kukagua kontena likifungwa, kisha anarudi usiku, atanufaika na KK100. Kwa wote wawili kuna tahadhari moja: mwenye viza ya China ya kuingia mara moja akivuka kwenda Hong Kong amekwisha kuitumia, hata kama alikwenda kunywa chai tu.

Usalama wa majengo marefu ulizungumzwa sana Shenzhen tarehe 18 Mei 2021, pale jengo la SEG la Huaqiangbei, lililokamilika mwaka 2000, lilipoanza kutikisika mchana wa jua na watu wakakimbilia barabarani. Wafanyabiashara wengi wa kutoka kwetu wanalijua jengo hilo kwa maduka yake ya chini. Wachunguzi walieleza kwamba upepo uliufanya mlingoti wa juu ya paa uyumbe kwa mwendo uliolingana na mwendo wa jengo lenyewe. Mlingoti ukaondolewa, na jengo likafunguliwa tena Septemba mwaka huohuo. Si Ping An wala KK100 wenye mlingoti wa namna ile. Yote miwili ilikwisha kusimama kwenye kimbunga Mangkhut cha Septemba 2018, na yote hufuata kanuni ya China inayotaka ghorofa maalumu za kukimbilia moto kila baada ya takriban mita 50, ambako watu husubiri zimamoto mahali penye hewa safi badala ya kushuka ngazi zote. Ghorofa hizo zikiwa karibu na ofisi yako, waoneshe wafanyakazi siku ya kwanza. Mwaka 2021 serikali ya China pia ilipiga marufuku ujenzi wa minara mipya inayozidi mita 500, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuona ni jengo gani jipya litakaloipokonya Ping An nafasi yake ya kwanza mjini. Kwa taasisi inayonunua hadhi, huo ni uhakika wenye thamani.

Na hadhi ina wateja wake. Benki, kampuni ya bima, mawakili wa mikataba ya kimataifa, mfuko wa uwekezaji, au chombo cha umma kinachokuja kutafuta wawekezaji, vyote hivi nashauri viende Ping An bila kusita. Watu wanaotaka kukutana nao wako Futian, na barua yenye anwani hiyo haihitaji maelezo kwa Mchina anayeipokea. Wasiende huko kwa ajili ya mandhari. Eneo la kutazamia mji, lililo juu ya mita 540, huingiwa na yeyote mwenye tiketi, na mkurugenzi anaweza kumpeleka mgeni wake huko bila kukodi hata mita moja ya ofisi.

Mwagizaji wa simu na vipuri, wakala wa shehena, mnunuzi wa nguo na samani, na kampuni ya kifamilia ambayo mwenyewe anahamia na watoto, hao nawashauri KK100. Wanapata mnara wenye jina, uliokaa mjini kwa muda wa kutosha hata kasoro zake zikajulikana, katika mtaa ambao nyumba, shule na soko haviko mbali, na mpaka unaofungwa usiku wa manane. Wauzaji wa Huaqiangbei hawajali umekaa ghorofa gani. Wanajali unalipa lini. Naamini kampuni nyingi za Afrika Mashariki zinazofika Shenzhen ziko kwenye kundi hili, hata zile ambazo wenyewe wangependa kujiona kwenye lile la kwanza.

Wapo ambao hakuna hata mmoja kati ya hii miwili unaowafaa. Kampuni ya programu, au inayotaka kuuza huduma kwa watengenezaji wa simu, itazame wilaya ya Nanshan, ambako ziko Transsion na Tencent, kampuni kubwa ya huduma za mtandao, na ambako mnara wa China Resources wenye mita 392.5, uliokamilika mwaka 2018, umesimama karibu na ghuba. Mwenye watu wawili au watatu asikodi ofisi nzima popote. Chumba kwenye ofisi za pamoja kitamtosha kwa mwaka wa kwanza. Na anayevutwa na Luohu lakini bajeti yake haifiki KK100, Diwang bado upo kitongoji hichohicho, ni mzee lakini wa heshima.

Kabla ya kusaini, angalia kwanza aina ya usajili. Ofisi ya uwakilishi wa kampuni ya kigeni hairuhusiwi kufanya biashara ya kuingiza faida moja kwa moja, na kampuni mama inapaswa iwe imedumu angalau miaka miwili. Anayetaka kuuza na kutoa ankara huko anahitaji kusajili kampuni kamili inayomilikiwa na wageni. Katika hali zote mbili anwani unayoikodi huingia kwenye usajili, hivyo mwenye jengo lazima atoe hati zake za umiliki, na kuhama katikati ya mkataba huleta mlolongo wa mabadiliko ya kisheria. Tembelea ofisi mara mbili. Nenda saa mbili na nusu asubuhi, simama kwenye ukumbi wa lifti pamoja na wafanyakazi wanaoingia, na upime kwa saa muda wa kufika mlangoni. Rudi saa moja usiku mtambo ukiwa umezimwa, kaa ndani kwa muda, na upige simu nyumbani kama utakavyokuwa ukipiga kila siku. Mkataba utakuwa wa Kichina, na penye utata huwa ndio unaofuatwa, kwa hiyo leta mtafsiri wako mwenyewe na usikubali wa dalali. Kisha hakikisha bei ya kiyoyozi cha saa za ziada, na hali ambayo ofisi inapaswa kurudishwa nayo siku ya kuondoka, vimeandikwa ndani kwa tarakimu.